Tawi la Njia Panda

Jumatatu, 3 Februari

Nitaitetea hoja hii mpaka mvua za masika zitulie: njia ya msituni haina mwenyewe, na anayemfungia mwenzake njia hiyo, kwa ukuta au kwa jani, amemwibia. Naiandika ukurasa wa kwanza ili nisije nikasingiziwa kwamba niliizua baadaye.

Leo nimepanda mlima Koimur peke yangu kwa mara ya kumi na moja tangu nirudi kijijini Chepsaita na shahada ya falsafa ambayo huku haijamfaa mtu, nikiwemo mimi. Natoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, navuka mashamba yaliyokwisha kuvunwa, napita lango la msitu kabla askari Kipkorir hajamaliza chai yake, na jua linanikuta kileleni. Pale juu Eldoret yote huonekana kwa mbali, mabati na minara, mji uliozisoma barua zangu za kuomba kazi na kuona heri unyamaze. Mlima haujaniuliza uzoefu wa miaka mitatu.

Nusu ya safari iko njia panda. Ya kulia hupanda katika misaiprasi mikuukuu. Ya kushoto hushuka bondeni penye mikaratusi, ambayo watu wa hapa huiita blugamu. Leo ile ya kushoto ilikuwa imelazwa tawi bichi, umande bado uko majanini. Nililiruka nikaingia. Ndani nikakuta kuni kavu tele, hazijaguswa na mtu. Nikaelewa mara moja. Akina mama wa kuni, ambao mama yangu ni mmoja wao, huingia msituni Jumatatu na Alhamisi kwa kibali cha kikundi. Kumbe wamejitengea bonde zima kwa tawi moja, ili mnyonge asiye na kikundi asilitie mguu. Nimesoma habari za watu wa namna hiyo katika historia ya nchi nyingi. Tofauti ni kwamba wale walikuwa na miiba na bunduki.

Alhamisi, 6 Februari

Nimemuuliza mama. Alikuwa kibandani mwake, anachochea moto chini ya sufuria ya githeri, mahindi na maharagwe, ya wapakiaji wa magogo.

"Tawi inaongea na wale wanakuja nyuma," akasema. "Wewe hutembei na mtu. Haikuhusu."

Nikamweleza kwamba ishara isiyomhusu kila mpita njia si ishara bali ni njama. Akaniambia nisogee, nimemzibia upepo.

Jumatatu, 10 Februari

Nimekutana nao langoni, kumi na wawili, wamejifunga leso viunoni, kamba begani. Anayetangulia huitwa Namalwa, mjane wa miaka arobaini na kitu, mfupi, mwenye shingo iliyokomaa kwa mizigo na mdomo usio na komeo. Ndiye anayeshika panga la kikundi na kuchagua njia. Wengine humfuata wakiwa wametawanyika, na wa mwisho kabisa, nusu saa nyuma yao, ni Kukhu Musimbi, yaani Bibi Musimbi, ajuza ambaye magoti yake yalistahili kustaafu zamani. Wamemsihi abaki nyumbani waje wamgawie. Anasema moto wa kuletewa haupiki.

Nilisalimu kwa adabu. Namalwa akanitazama kuanzia viatu, buti zangu za kupandia mlima, hadi kofia.

"Profesa," akasema, "kila siku unapanda mikono mitupu, unashuka mikono mitupu. Hata nyani ikishuka inabeba kitu."

Walicheka mpaka Kipkorir akatoka kibandani kuangalia kuna nini. Mama alicheka pia, leso mdomoni. Nikajibu kwamba kuna mizigo inayobebwa kichwani bila ngata, na hilo likawachekesha zaidi. Ni Kukhu Musimbi peke yake ambaye hakucheka. Alinishika kifundo cha mkono akaniuliza kama nimekula. Huruma ile niliichukia kuliko kicheko.

Jumatano, 12 Februari

Vumbi. Mahojiano ya kazi ya ukarani, mtaa wa West Indies, Eldoret. Walitaka kujua kama naweza kuendesha pikipiki.

Jumatatu, 17 Februari, saa moja asubuhi, kileleni

Tawi liko tena, na leo ni kubwa kuliko lile la kwanza, limelazwa ukingo hadi ukingo, limeelekeza shina upande wa kulia kama kidole cha bwana anayemwonyesha mtumishi mlango. Safari hii sikuliruka. Mwenye hoja asiyeitenda hoja yake ni mpiga domo tu. Nililiinua, nikalitupa kichakani hatua kumi, nikashuka bondeni kama mtu anayeingia kwake. Chini kabisa kuna mkaratusi uliokatwa shina karibu lote, umemwegemea mwenzake kama mlevi anayesindikizwa. Nimepita chini yake nikazunguka hadi huku juu.

Upepo umeanza kuvuma vizuri, unakausha jasho. Laiti Namalwa angeniona.

Siku hiyohiyo, saa kumi alasiri

Nilishuka kwa upande wa Turbo, nyuma ya mlima, kwa hiyo sikukutana na mtu. Nyumbani hapakuwa na mtu. Kibandani moto ulikuwa umezimwa kwa maji, jambo ambalo mama hafanyi. Jirani akaniambia nikimbilie langoni.

Ule mkaratusi umemwangukia Kukhu Musimbi.

Nayaandika kama nilivyoyasikia. Wakataji waliuacha mti ule ukiwa umekwama tangu Jumamosi. Leo alfajiri Kipkorir alimwita Namalwa kando langoni akamwambia kikundi kisishuke bondeni, mti unaweza kuanguka wakati wowote. Namalwa alitangulia kama kawaida. Wote waliomfuata walikuta tawi njia ya kushoto, wakapanda kulia. Kukhu Musimbi, aliyekuja mwisho, hakukuta kitu. Akashuka. Walisikia kishindo, kisha sauti yake, naye si mwanamke wa kupiga kelele. Wakatupa mizigo, wakamtoa kwa kuinua gogo na nguzo, wakamfunga kwa leso kwenye fito mbili na kumshusha mlima mzima. Mguu wa kulia, aliniambia Kipkorir, haukuwa tena na umbo la mguu.

Nilipofika gari lilikuwa limeshaondoka naye. Akina mama walikuwa wameketi kwenye nyasi, damu kwenye leso zao, na katikati yao Namalwa amesimama.

"Niliweka," alikuwa akisema. "Niliweka na hii mikono. Mliliona nyinyi wenyewe."

Ni kweli walikuwa wameliona. Lakini waliporudi pale njia panda baada ya ajali hapakuwa na tawi, na hofu haina kumbukumbu. Mmoja akasema labda aliloliona ni la Alhamisi. Mwingine akasema hata yeye hana hakika, alifuata tu mgongo wa aliye mbele. Kufikia saa saba hapakuwa na hata mmoja aliyeliona. Kipkorir akathibitisha kwamba alimwonya Namalwa kwa mdomo wake. Basi ikawa imekwisha: ameonywa, na hakuweka.

Mama alinigeukia. "Wewe ulipitia wapi leo?"

"Upande wa Turbo," nikasema.

Nimelichunguza jibu hilo jioni yote. Halina neno la uongo.

Jumanne, 18 Februari

Wameukata mguu wake, juu ya goti.

Alhamisi, 20 Februari

Panga limetolewa kwa Namalwa. Kikundi kimemchagua mama atangulie.

Nimeipanga kesi yangu. Mti ulikatwa na wakataji. Ulisukumwa na upepo. Msitu ulifunguliwa na askari aliyejua hatari na akaona inatosha kumnong'onezea mtu mmoja. Ajuza mwenye magoti mabovu aliachwa nyuma na wenzake kumi na mmoja. Kati ya visababishi vyote hivi, mimi nimeinua kipande cha mti chenye uzito wa kuku. Hakimu gani angekichagua hicho?

Tena Namalwa anazo nguvu za kustahimili. Mdomo ule utamtetea.

Jumatatu, 24 Februari

Mdomo haukumtetea. Leo nilikaa juu ya mwamba ulio juu ya misaiprasi, mahali ambapo mtu huona bila kuonwa. Wametembea naye kwa sababu kibali ni cha kikundi, lakini hakuna aliyezungumza naye. Walipomaliza kufunga mizigo walitwikana, huyu akimwinulia yule, kama wafanyavyo siku zote, kwa kuwa mzigo wa kuni mbichi hauwezi kupandishwa kichwani na mwenyewe. Mama alimtwika wa mwisho, naye akatwikwa, wakaondoka.

Namalwa akabaki na mzigo wake chini. Hakuita. Alijaribu kuuinua peke yake. Mara ya kwanza ulimrudisha nyuma. Mara ya pili kamba ilikatika, akafunga upya. Mara ya tatu alipiga magoti, akauegemeza kwenye kisiki, akaingiza kichwa chini yake, akainuka hadi nusu, kisha akaanguka nao. Nilisikia pumzi yake kutoka kule juu. Mara ya nne aliuburuta hadi kwenye ukingo wa udongo, akasimama chini ya ukingo, akauangushia kichwani mwenyewe. Akasimama hivyo muda mrefu kabla ya hatua ya kwanza.

Kutoka mwambani hadi pale ni hatua hamsini. Nilikuwa na mikono mitupu. Nilikumbuka habari ya nyani, nikakaa.

Jumatatu, 3 Machi

Mama amenichukua kwenda kumwona Kukhu Musimbi hospitalini mjini. Shuka lilikuwa limelala bapa mahali ambapo mguu wa pili ungekuwa, na mgonjwa wa kitanda cha jirani alikuwa ameweka ndizi zake hapo bila kufikiri. Kukhu hakuziondoa.

"Nilitafuta tawi," alisema. "Nikaona njia iko wazi, nikajua Namalwa ananiita huku. Miaka yote hiyo Namalwa hajawahi kunikosea njia. Mwambieni aje aseme tu alisahau. Kusahau si dhambi. Lakini akiendelea kusema aliweka, anasema mimi ni kipofu."

Kisha akanishika kifundo cha mkono, akaniuliza kama nimekula.

Jumatatu, 10 Machi

Mvua ya kwanza. Namalwa ameokota magunzi ya kuwashia moto katika mashamba ya watu kutwa nzima.

Jumatatu, 17 Machi

Aliningoja njia panda, peke yake, amesimama mahali palepale.

Hakunisalimu. Alisema kwamba siku ile, wenzake waliposhuka na mgonjwa, yeye alibaki nyuma akalitafuta tawi lake. Alilipata kichakani, hatua kumi. Upepo haurushi tawi bichi hatua kumi kupanda mlima. Na pale njiani, kwenye udongo laini, palikuwa na alama ya kiatu chenye meno.

"Huku watu wanavaa gumbuti na ndala," akasema. "Kiatu ya meno ni moja."

Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Nikisema mimi, wataambiana najitetea. Wewe ndio unaweza kusema, Maurice. Nimekungoja mwezi mzima. Nilifikiri umesoma, utakuja."

Nami nilifanya nini? Nilijadiliana naye. Nilimuuliza ni nani mwingine aliyeiona alama hiyo. Nilimuuliza kama mvua ya wiki iliyopita ameizuia isiifute. Nilimuuliza atathibitishaje kwamba tawi alilolipata kichakani ni lile alilolikata, na si jingine lolote katika msitu wenye matawi yasiyohesabika. Kila swali lilikuwa sahihi. Hoja nilishinda.

"Sawa," akasema. "Wewe una maneno."

Akageuka kuufuata mzigo wake, mdogo sasa, wa ukubwa ambao mtu anaweza kuuinua peke yake.

Alhamisi, 20 Machi

Nimepeleka buti kwa fundi wa viatu mtaani Munyaka abadilishe soli. Mvua zimeanza, kiatu kinahitaji soli nzuri.

Jumapili, 23 Machi

Nimetoka kuisoma tena ile sentensi ya Alhamisi. Sijawahi kuandika sentensi chafu kuliko hiyo, na ile ya "upande wa Turbo" ni dada yake.

Nilikwenda jikoni nikamwambia mama yote. Alikuwa akichambua maharagwe. Hakuinua kichwa.

"Najua," akasema. "Ile suruali nilifua mimi. Ilinuka blugamu. Upande wa Turbo hakuna blugamu."

Alikuwa amejua kabla ya kulipokea panga. Nilimuuliza aliwezaje kulishika. Akasema ni kwa sababu yangu alilishika, kwani anayetangulia ndiye anayeulizwa habari za njia, na asipokuwa yeye angekuwa mwingine, na mwingine angeuliza.

"Namalwa amezoea kusemwa," akasema. "Tangu bwanake akufe anasemwa, na anaamka. Wewe ukisemwa siku moja utavunjika. Nyamaza tu hivyo hivyo."

Nimebishana na wahadhiri, na wachungaji, na mawakili wawili, lakini sijawahi kupigwa namna ile. Alikuwa amenipima kama anavyopima chumvi, bila kijiko, na hakukosea.

Jumanne, 15 Aprili

Kibali kinafanywa upya baada ya Pasaka. Jina la Namalwa litafutwa kwenye orodha inayopelekwa kwa Kipkorir. Bila jina haingii msituni, na kuni ndizo kazi yake yote.

Jumapili, 20 Aprili, Pasaka

Wakati wa shuhuda nilisimama. Kanisa lilikuwa limejaa, Kukhu Musimbi mbele kabisa, magongo yake yameegemezwa benchi. Namalwa hakuwepo, ameacha kuja tangu benchi lake lilipoanza kuachwa tupu pande zote mbili.

Nilisema kwa ufupi, mimi niliyejiandaa kwa kurasa sita. Nilisema tawi lilikuwepo. Nilisema niliinua, nikatupa, nikapita. Nilisema kwamba Kukhu si kipofu na Namalwa si mwongo. Nilimtazama mama, naye alikuwa akiitazama saa ya ukutani.

Mzee wa kanisa alimshukuru Mungu kwa ajili ya vijana wenye moyo mwororo, akaomba wimbo. Waliimba beti zote. Nilibaki nimesimama hadi ubeti wa mwisho, kisha nikawa mtu aliyesimama bila sababu, nikaketi.

Kukhu alitoka akisaidiwa na wawili. Aliponipita hakunishika mkono wala hakuniuliza kama nimekula.

Kufikia jioni jibu lilikuwa limefika, kwa njia zake za kawaida, kupitia ua wa nyuma: Namalwa amemlisha kitu mtoto wa watu. Walionekana pamoja njia panda, asubuhi na mapema, wawili tu. Mjane amemtafuta kijana msomi wa kumbebea aibu. Maskini Mama Maurice.

Jumatatu, 21 Aprili

Wamelifuta jina. Sababu ya kwanza ni uzembe. Ya pili, ambayo mimi ndiye niliyewapelekea, hawakuiandika.

Nilikwenda kwa Namalwa. Aliongea nami akiwa ndani, mlango umefungwa.

"Ungesema ile mwezi wa tatu," akasema, "ingekuwa ukweli. Saa hii ni dawa yangu imekushika. Enda nyumbani, wasikuone hapa."

Alhamisi, 24 Aprili

Mama alitoka kabla yangu, na panga. Nilipofungua mlango saa kumi na moja na robo, mvua ilikuwa imekatika. Hatua tatu kutoka lango letu, ukingo hadi ukingo wa njia inayoleta watu kwetu, palikuwa na tawi bichi la mkaratusi. Niliinama kutazama shina. Mama hutumia mkono wa kushoto, na mkato wake hulala upande ambao mkato wa mtu mwingine yeyote katika kikundi haulali; ni yeye aliyenifungia njia.

Tawi huongea na wanaokuja nyuma. Nilisimama pale nikawasikia akina mama wa kikundi wakija, mmoja mmoja, miguu kwenye matope. Kila aliyefika aliliona, akageuka, akazunguka kwa njia ya shambani, na hakuna aliyenisalimu. Sikuliinua. Sikuliruka. Mlimani sikwenda.

Badala yake nimeketi kunakili kurasa hizi, na leo alasiri nitazibandika langoni mwa msitu, kando ya orodha yenye jina lililofutwa, mahali ambapo Kipkorir hawezi kusema hakuziona. Hoja yangu ya kwanza nimeiacha kama ilivyo, ili msomaji aone nilikoanzia. Sentensi za aibu sikuzirekebisha.

Akina mama wa kikundi cha kuni cha Koimur: siombi msamaha wenu, wala sitaki mnihurumie kama mtu aliyelishwa dawa. Nawauliza swali moja, na wa kwanza kulijibu awe mama yangu, kwa kuwa panga liko kwake. Jumatatu ile, Namalwa aliweka tawi, au hakuweka? Mlilipita nyinyi kumi kwa miguu yenu, kabla yangu. Nijibuni kwa midomo, si kwa matawi. Jumapili, mbele ya kanisa zima, mbele ya Kukhu Musimbi, na Namalwa akiwa ameitwa, ameketi katikati yenu. Nitasimama mwanzo wa ibada, na safari hii imbeni beti zote mnazozijua. Sitaketi mpaka mmoja wenu aseme.